Aliyevuta Mkia Kuvuka Iowa

Krak, krak, krak. Miguu ya chuma ya trela ikishushwa kwa mkono asubuhi ya baridi, mtu akizungusha mpini taratibu, chuma kikilalamika kila meno yanaposhikana, mpaka miguu iguse changarawe na uwanja mzima unyamaze. Hata uzeeni, wakati majina ya majirani na tarehe za misiba yalipoanza kumponyoka, Arlys Tegtmeier aliweza kuifumbia macho dunia yote na kuisikia sauti hiyo. Kwake ilikuwa na maana moja tu: ni Jumanne, na Garland Stroud amefika.

Uwanja wenyewe ulikuwa nje ya Council Bluffs, hatua chache baada ya Mto Missouri, mahali ambapo lori la kutoka magharibi lilikatwa mkia. Huko kwao Garland, Wyoming, na kote Nebraska, kichwa kimoja kiliruhusiwa kuvuta trela mbili fupi, moja nyuma ya nyingine, kama ng'ombe anayefuatwa na ndama. Iowa ilikataa. Urefu ule, futi sitini na tano kutoka uso wa lori hadi taa ya mwisho, haukuwa na ruhusa ya kuivuka nchi ya mahindi. Mwenye lori alikuwa na njia mbili: azunguke kusini kupitia Missouri na kupoteza siku, au aikate trela ya nyuma, aikodishie kichwa kingine, na zote mbili zivuke kila moja kivyake hadi Davenport, kwenye Mto Mississippi, ambako zingeunganishwa tena na kuendelea Chicago kama vile hazikutengana kamwe.

Ile trela ya nyuma madereva waliiita mkia. Na Arlys alikuwa mvuta mkia.

Hakuzaliwa kwenye kazi hiyo. Alikuwa mke wa mkulima, na angezeeka mke wa mkulima kama Verlin, mumewe, asingeanguka kwenye zizi la nguruwe vuli moja, ndoo ingali mkononi. Baada ya mazishi, Merle, ndugu wa marehemu, alikuja jikoni na kofia yake kifuani. Alisema shamba atalilima yeye. Lori la nafaka liuzwe. Naye Arlys aende Des Moines akakae na dada yake, apumzike.

"Nipumzike nini, Merle? Nimechoka?"

"Shemeji, mimi nakufikiria wewe."

"Basi nifikirie nikiwa na kazi."

Lori la nafaka Arlys kweli aliliuza, lakini palepale alinunua kichwa cha trela, kikuukuu, rangi ya haradali, chenye uso bapa kama ukuta. Vichwa vingi siku hizo vilikuwa hivyo, havina pua. Mahali urefu unapopimwa, dereva huketishwa juu ya injini ili pua isile nafasi ya mzigo. Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate, na kila shimo la barabarani lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Merle alikiona kikiingia uani akashika kiuno.

"Watu watasema nini, Arlys?"

"Watasema wameniona nikipita."

Siku ya kwanza Garland Stroud alipofika uwanjani, alishusha miguu ya mkia wake, akajifuta mikono, akatazama huku na huku. Alikuwa mtu mrefu wa Rawlins, Wyoming, mwenye kijiti cha kuchokolea meno mdomoni na kofia iliyokunywa mvua nyingi. Mke wake alikuwa amekwenda Oregon na mwuza bima, jambo alilolisimulia kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

"Samahani, mama," alimwambia Arlys. "Dereva yuko wapi?"

"Unamtazama."

"Ah. Mimi nilidhani umetuletea chakula."

"Chakula kiko mbele, kule Benning, kwa Opal Hruska. Ukiwahi utakula. Ukichelewa utanikuta nimemaliza pai."

"Wee! Mkia hauwezi kufika kabla ya kichwa."

"Tutaona, bwana."

Aliwahi yeye Arlys, maana Garland hakujua kwamba polisi wa barabara huwa na mahali pao pa kujificha karibu na mji wa Atlantic, na alikamatwa kwa mwendo wa kasi. Alipoingia mkahawani kwa Opal, uso umemwiva, alikuta meza imeandaliwa kwa watu wawili: nyama ya nguruwe iliyopondwa ikakaangwa mpaka ikawa pana kuliko sahani, na kipande cha pai ya zabibu kavu na malai chachu kikimngoja chini ya bakuli, kisikauke.

"Umeniagizia?"

"Nimekuhurumia."

Tangu hapo ikawa desturi. Anayetangulia kufika Benning humwagizia mwenzake pai. Kila Jumanne, mwaka hadi mwaka, kichwa cha buluu mbele na kichwa cha haradali nyuma vilivuka Iowa vikiwa na mzigo mmoja uliogawanyika. Kwenye redio ya madereva waliitana Kichwa na Mkia.

"Mkia, unanisikia?"

"Nakusikia, Kichwa. Taa yako ya kulia imekufa."

"Haijafa, inakukonyeza."

"Iambie iache, mimi ni mjane mwenye heshima zangu."

Na madereva wengine, waliokuwa wametawanyika maili nyingi mbele na nyuma, waliangua kicheko ndani ya spika. Redio ile haikuwa na mlango wa kufunga. Kila neno lilisikiwa na kila mtu aliyekuwa barabarani, hivyo Arlys na Garland walizungumza mizaha, mawingu, bei ya nguruwe, ng'ombe waliotoka zizini; na mambo mengine, ambayo mtu huhitaji mlango ili ayaseme, hayakusemwa. Mkahawani nako kulikuwa na masikio. Uwanjani kulikuwa na ngurumo. Miaka ikapita hivyo, na wala Arlys hakuona kwamba ilikuwa inapita, kwa sababu alidhani Jumanne ni kitu kisichokwisha.

Kuhusu sheria yenyewe, kwa Opal walibishana mpaka kahawa ikapoa. Garland ndiye aliyekuwa akiuwasha moto.

"Hebu nielezeni, watu wa Iowa. Wyoming napita, Nebraska napita, nikifika kwenu nakatwa kama mjusi. Mnaogopa nini?"

Harm Ubben, mkulima mzee aliyekula pale kila mchana tangu mkewe alipogoma kumpikia saa sita, aliweka uma chini.

"Tunaogopa wewe. Lori halishuki kutoka mbinguni moja kwa moja mpaka barabara kuu. Linaingia mjini kununua mafuta, linakata kona hapo kwenye duka la mbegu. Magurudumu ya mbele yanapita vizuri, ya nyuma yanakata ndani. Ile nguzo ya taa umeiona ilivyoinama? Unadhani inasali?"

"Iliinamishwa na trela moja ndefu, mzee, si mbili fupi! Mbili zina kiungo katikati. Zinapinda kama nyoka. Zinakwepa hata kuku."

"Na kwenye barafu? Kiungo hicho hicho kinafanya nini?"

Garland alitafuna kijiti chake.

"Mimi ndiye ninayejua sababu ya kweli," Opal alisema, akipita na birika. "Mabwana wa serikali wanataka mzunguke mkaharibu barabara za Missouri. Zetu zikae nzuri za kwenda kanisani."

Mkahawa mzima ulicheka, na hata Harm alicheka, kwa kuwa kila mtu alishuku kwamba kuna kaukweli ndani yake. Arlys peke yake hakucheka.

"Mbona umenuna, Mkia?" Garland alimuuliza. "Nawe uko upande wao?"

"Mimi nakumbuka tu," alisema. Akamweleza jinsi alivyokuwa msichana mwenye mimba changa, akiendesha gari dogo la Verlin kwenye barabara ya zamani ya njia mbili, theluji ikiyeyuka. Alitoka kulipita lori refu. Maji ya tope yalimwagika kwenye kioo kama ndoo juu ya ndoo, na vifagio vya kioo havikufua dafu. "Sikuona chochote. Nilisikia magurudumu tu, yanazunguka hapa sikioni. Nilikuwa nautafuta mwisho wa lile lori kama mtu anayepapasa mlango kwenye nyumba isiyo yake. Nikasema, Mungu, liwe na mwisho. Basi. Urefu kwenu ni mzigo na saa. Kwa aliye pembeni ni muda ambao haoni."

Garland alimsogezea kipande cha pai alichokuwa hajakigusa. Mtoto wa ile mimba Arlys hakumtaja, wala hakuwahi kumtaja kwa mtu mwingine. Hakuzaliwa, na haikuwa kosa la lori. Lakini Garland alikuwa amemtazama usoni wakati akisema neno mimba, na tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, aliendesha polepole zaidi na kuacha nafasi, na mara nyingine Arlys alimsikia redioni akiwakaripia vijana wa malori: "Kuna gari dogo pembeni yako, wewe. Punguza mwendo, aone mwisho wako."

Kisha ukaja ule msimu wa baridi wa upepo. Asubuhi hiyo Arlys alingoja uwanjani mpaka kahawa kwenye chupa ikawa vuguvugu. Garland alipoingia kutoka upande wa Nebraska, lori lake lilikuwa limejaa barafu kama keki, na alikaa kwenye usukani muda mrefu bila kushuka. Arlys alipanda ngazi ya kichwa chake, akafungua mlango.

"Una nini?"

"Nilitazama kwenye kioo cha pembeni," Garland alisema, "nikaona trela yangu mwenyewe inakuja kunisalimia."

Upepo ulikuwa umeushika mkia kwenye daraja lililoganda, ukautoa nje ya mstari, ukautupa upande wa pili, kisha ukaurudisha. Hakukuwa na gari lingine. Lingalikuwapo hata moja la kumpita, mambo yangekuwa mengine. Vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja kama vimeshika kitu. Arlys alivikunjua kimoja kimoja, akakitia kikombe katikati, akavifunga tena juu yake.

"Usimwambie Harm," alisema Garland.

"Harm atajua. Atakuona hubishani tena."

Na kweli hakubishana tena. Mzaha wa kukatwa kama mjusi aliuacha. Siku moja tu, wakiwa wanakata mkia pale uwanjani, alisema, kama anaongea na mpini, kwamba zamani alikuwa anafika hapa na hasira, na sasa akiuona mto tu anaanza kuchana nywele. Arlys alijifanya anapiga teke matairi. Yalikuwa na upepo wa kutosha. Aliyapiga mara ya pili hata hivyo.

Habari ziliwafikia majira ya machipuko ya mwaka themanini na moja, mkahawani, kwa redio ya Opal iliyokaa juu ya jokofu. Mahakama kuu ya nchi, kule Washington, ilikuwa imesema kwamba Iowa haiwezi kuyazuia malori ya trela mbili. Jimbo moja haliwezi kuwa kizingiti katikati ya nyumba ya wote. Madereva wawili kwenye kaunta walipiga meza kwa furaha. Harm Ubben alisukuma sahani yake.

"Majaji hao wamewahi kuendesha trekta wakiwa na lori nyuma?"

"Wameendesha kalamu, Harm," Opal alimwambia. "Kula."

Arlys alimtazama Garland, na Garland alikuwa anautazama ukingo wa sahani yake kwa makini, kama mtu anayesoma. Wote wawili walikuwa wanafikiri jambo lilelile. Kazi Arlys angepata. Kuna nafaka, kuna mbolea, kuna nguruwe wa kupelekwa machinjioni, na jina lake lilikuwa zuri kuanzia mto hadi mto. Kazi haikuwa shida. Jumanne ndiyo isingepatikana popote. Garland angevuka daraja la Missouri na trela zake zote mbili, angepita kando ya ule uwanja bila kugusa breki, angepita Benning, angetokea Illinois mchana uleule, na Iowa kwake ingekuwa mahindi dirishani. Sheria iliyozitenganisha trela mbili ndiyo iliyowaweka watu wawili kwenye barabara moja, na sasa imekwenda.

Alijaribu kulisema. Usiku alilipanga vizuri jikoni, asubuhi likaharibika. Alikuwa mtu wa kusema mambo ya matairi na ya mawingu. Tena, mwanamke wa umri wake, mwenye mikono iliyokula grisi, aseme nini kwa mtu ambaye labda alizoea tu pai?

Jumanne ya mwisho ilikuwa ya Mei. Ilitoka nzuri kupita kiasi. Mashamba yalikuwa meusi na mistari ya mahindi machanga imeshonwa juu yake kwa uzi wa kijani. Kwenye redio, madereva waliokwisha kujua waliwatania njia nzima.

"Kichwa, leo ndiyo talaka?"

"Endesha gari lako," Garland alijibu.

"Mkia, njoo kwangu mimi, nina nafasi nyuma!"

"Kwako nimeona taa zako," alisema Arlys. "Siwezi kufuata mtu kipofu."

Walicheka wote. Yeye mwenyewe alicheka, kisha akalazimika kukishika kipaza sauti cha redio mbali na mdomo.

Kwa Opal walifika pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hakuna aliyejua nani amwagizie nani. Opal alileta pai mbili, akaenda zake jikoni akafunga mlango, yeye ambaye mlango ule hakuufunga hata wakati wa kukaanga vitunguu. Garland alivua kofia, akaiweka kwenye kiti, akaichukua tena.

"Arlys," alisema. Hakusema Mkia. "Nilikuwa nataka—"

Mlango wa mbele ulifunguka. Waliingia madereva watatu wakubwa wenye kelele, mmoja akampiga Garland mgongoni kiasi cha kumtoa kijiti mdomoni.

"Hongera, mzee! Wiki ijayo unapita Iowa bila hata kushuka kukojoa!"

Garland alicheka kama inavyotakiwa. Arlys alimaliza pai yake, akaikunja leso ya karatasi mara mbili, akatoka nje kwanza.

Davenport walifika jua likiwa bado juu. Uwanja wa kule uliteremka kidogo kuelekea mtoni, na harufu ya maji na dizeli ilikuwa imechanganyika kwa namna ambayo Arlys aliipenda bila kujua. Walifanya kazi ile ambayo mikono yao iliijua peke yake. Garland aliurudisha nyuma mzigo wake mpaka trela yake ikafika mbele ya mkia. Akafunga kiungo, akatia pini, akavuta minyororo. Arlys aliunganisha mipira ya upepo, ule mwekundu na ule wa buluu, kutoka trela hadi trela. Halafu hubaki kitu kimoja, na siku zote kilikuwa chake yeye: koki mbili ndogo nyuma ya trela ya mbele. Zikiwa zimefungwa, upepo unaishia hapo. Trela ya nyuma haipati pumzi, breki zake hubaki zimebana, na haiendi popote. Ukizifungua, upepo unapita, breki zinaachia, na lori lote linakuwa kitu kimoja.

Alisimama mbele ya zile koki. Garland alikuwa amekwisha kumpa mkono, mkono mrefu, wa adabu, kama wa watu wawili kanisani, na kusema, "Haya basi, Bi Arlys." Naye alikuwa amejibu, "Haya basi." Sasa alikuwa amepanda, mlango umebamizwa, injini inanguruma. Kwenye kioo cha pembeni alikuwa akingoja aone mkono wa Arlys ukiinuka.

Arlys aliinua mkono.

Kichwa cha buluu kilivuta. Trela ya mbele ikajikaza. Ile ya nyuma ikatikisika, ikalia, matairi yakaburuta changarawe kidogo yakagoma. Garland akaachia, akajaribu tena, taratibu, kama anayembembeleza punda. Ikagoma. Kisha akazima injini, na ukimya ukashuka uwanjani wote mpaka mtoni.

Alishuka. Alitembea ubavuni mwa lori, urefu wake wote, akigusa hiki na kile: taa, pini, mnyororo, mpira mwekundu, mpira wa buluu. Alipofika kwenye zile koki alichuchumaa. Zote mbili zilikuwa zimekaa kingamo. Alizitazama muda mrefu kuliko koki zinavyostahili kutazamwa. Miaka yote ile, mvua na theluji, akiwa mgonjwa au mzima, mwanamke huyu hakuwahi kuiacha hata moja ikiwa imefungwa.

"Zimefungwa," alisema.

"Naona."

Garland alivua kofia. Hakuinuka. Kwa mbali mashua ya mizigo ilipiga honi, na hakuna kati yao aliyegeuka.

"Ulisahau, Arlys?"

Alitazama chini, kwenye mikono yake yenye grisi, kisha kwenye uso wa yule mtu aliyechuchumaa kati ya trela mbili. Redio haikuwapo. Mkahawa haukuwapo. Akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Garland ilimbidi ainamishe kichwa ili aipate:

"Sikusahau."